Sauti katika Nyumba ya Ibada (4): Mito ya Viti ya Profesa Sabine

Julai 2025, gazeti la Daily Nation liliandika habari za kanisa la waumini 8,000 ndani ya Ikulu ya Nairobi, gharama ikikadiriwa kuwa shilingi bilioni 1.2. Nchi nzima ikageuka mahakama. Huyu anauliza Katiba inasemaje, yule anauliza fedha za nani, na Rais Ruto akajibu kwamba atalipa kutoka mfukoni mwake. Mimi wa huku Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nilibaki na swali langu la siku zote: watu 8,000 watasikiaje?

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza anajua mvumo ni nini, yaani sauti inayobaki ukumbini baada ya msemaji kunyamaza, na kwa nini maikrofoni hupiga mluzi. Basi leo niruhusiwe kwenda hadi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1895.

Chuo kilikuwa na jumba jipya la makumbusho, Fogg, lenye ukumbi wa mihadhara usiofaa kwa mihadhara. Neno likishatamkwa lilizagaa kwa sekunde tano na nusu, mhadhiri akawa anashindana na sauti yake mwenyewe. Rais wa chuo, Charles Eliot, akamkabidhi kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ambaye hakuwa mtaalamu wa sauti za kumbi. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kupimia muda na masikio. Usiku, mji ukishatulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, wakaipanga Fogg, wakapima, wakaongeza mingine, wakapima tena. Asubuhi mito iko mahali pake. Kufikia 1898 alikuwa na kanuni inayotumika hadi leo: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa eneo linalonyonya sauti. Na kipimo chake cha unyonyaji kilikuwa dirisha lililo wazi, maana sauti ikishatoka dirishani hairudi. Angalieni: miaka yote hiyo hakudai spika wala kamati ya harambee.

Tuje Busia. Chukua kanisa la urefu wa mita 40, upana 25 na kimo 10. Kuta zimepigwa plasta ya saruji ya Tororo, viti ni vya plastiki, juu mabati matupu. Eneo linalonyonya sauti tuseme ni mita za mraba 200. Piga hesabu ya Sabine: mvumo wa sekunde nane. Waingie watu 1,200, kila mmoja akinyonya kama nusu mita ya mraba, mvumo unashuka hadi sekunde mbili. Kwa hiyo fundi anayepanga mitambo Jumamosi, kanisa likiwa tupu, analipangia kanisa ambalo Jumapili halitakuwepo.

Hata hizo sekunde mbili ni mzigo kwetu, kwa sababu ya mkalimani. Mhubiri anatoa sentensi kwa Kiswahili, mkalimani anairukia kwa Kiteso au Kisamia kabla ya ile ya kwanza kufa. Mama aliyeketi karibu na mlango anapokea lugha mbili kwa mpigo na haelewi hata moja. Kamati nayo inaamua nini? Spika kubwa zaidi! Ukiongeza sauti, mvumo nao unapanda kwa kiasi kilekile. Paulo alipowaandikia Warumi aliifungamanisha imani na sikio, lakini bajeti zetu zinaanza na skrini.

Dawa inajulikana. Weka dari ya kunyonya sauti, ambayo pia itapunguza kishindo cha mvua kwenye mabati, na mapazia mazito ukuta wa nyuma. Kisha spika ndogo nguzoni, zikicheleweshwa: iliyo mita 30 kutoka mbele isubiri kama milisekunde 87, ili isilitangulie neno la mhubiri. Kanisa kuu la St Paul's, London, lilifanya hivyo mapema miaka ya 1950 kwa gurudumu la sumaku. Leo mikisa ya kawaida ya kidijitali, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ina kitufe cha kazi hiyo, nacho hakiguswi.

Madirisha ya Sabine yana deni lake: sauti inayotoka inamfikia jirani. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinataka maeneo ya ibada yasizidi desibeli 40 mchana na 35 usiku. Waliozitunga waliamini kanisa ndilo linalohitaji kulindwa dhidi ya kelele. Waulizeni majirani wa mikesha.

Taa na video leo zimebakiwa na nafasi ndogo, basi tuanze na umeme wake. Laini ya umeme wa bwawa la Owen Falls, Uganda, ilipita Tororo kwenda Kenya mwaka 1958, na hadi sasa pande zote mbili zinatumia volti 240 na hertz 50, hivyo mtambo ulionunuliwa ng'ambo hii utawaka ng'ambo ile. Taa za jukwaani zipewe fezi yake, mbali na ile ya mikisa, la sivyo spika zitanguruma kila taa inapofifishwa. Kamera nayo iwekwe kasi ya moja ya hamsini ya sekunde, picha isipepese. Bei za skrini tutazitazama wiki ijayo, kama kamati zitakuwa zimeshanunua dari.