Margaret Trowell, Msomaji wa Magome na Vikapu

Kathleen Margaret Trowell (1904–1985) ndiye aliyeiweka mezani taaluma ya kuchunguza kazi za mikono za Uganda, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita kwenye vilima viwili vinavyotazamana juu ya Wandegeya, jijini Kampala. Mulago ndiko alikoishi na mumewe, daktari Hugh Trowell. Makerere ndiko alikofundisha na, kwa kipindi fulani, alikotunza makumbusho ya nchi nzima. Wandegeya ya leo watu huijua kwa chapati za rolex na wanafunzi wanaoshuka kutoka chuoni jioni, wala si wengi wanaoihusisha na elimu ya nguo za kale.

Alizaliwa London, akasomea uchoraji katika Shule ya Slade, kisha ualimu chini ya Marion Richardson, aliyemfundisha mtoto kuchora kinachomjia akilini badala ya kunakili picha ya mwalimu. Mwaka 1929 alifika Kenya na mumewe. Huko Ukambani alianza kuwatazama kwa makini wafinyanzi na wasusi wakiwa kazini. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na miaka miwili baadaye akachapisha kitabu kwa ajili ya walimu kuhusu sanaa na kazi za mikono za Kiafrika shuleni.

Darasa lake la kwanza lilikuwa barazani kwake, Mulago. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikafika London. Darasa hilo ndilo lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Kati ya waliopita humo ni Gregory Maloba kutoka Kenya, mchongaji wa Mnara wa Uhuru uliosimama katikati ya Kampala tangu 1962, na Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili kutoka Uchagani.

Umaarufu wa wanafunzi hao umeufunika upande wake wa pili, yaani utafiti wa makumbusho. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, yakawekwa katika jengo dogo kwenye kilima cha Old Kampala. Waganda waliyaita Ennyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi, na hawakukosea sana, kwa kuwa vitu vingi vya mwanzo vilikuwa vya ibada na mizimu, na mtu mwenye busara hakukaribia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, Trowell akawa mtunzaji wake. Mkazo wake ulikuwa kwenye vitu vya kila siku: mikeka, vibuyu, ngao, vyungu vya maziwa. Swali lililomshughulisha zaidi lilikuwa kitu kimetengenezwaje.

Nguo ya magome, ambayo Waganda huiita olubugo, yaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito. Magome ya mti wa mutuba huvuliwa wakati wa mvua, na shina lililobaki wazi hufunikwa kwa majani ya migomba hadi lijifunike tena. Mti mmoja unaweza kuvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa. Gome hukwanguliwa tabaka la nje, hulainishwa kwa moto au maji moto, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba kabisa. Kazi hufanyika chini ya kibanda ili gome lisikauke haraka, na mwishowe nguo huanikwa juani mpaka ipate rangi ya udongo wa kuchoma. Mafundi wa jadi ni wa ukoo wa Ngonge, chini ya kiongozi wao, Kaboggoza. Anayejua hatua hizi anaweza kushika kipande kikuukuu na kusoma alama za nyundo, kiraka na mshono. Asiyejua ataandika kwenye kadi "nguo ya kienyeji" na kukifungia kabatini.

Kufikia wakati wa Trowell, nguo hiyo ilikuwa tayari imerudi nyuma. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suna katikati ya karne ya 19 wakiwa na pamba, nyingine ya India na nyingine merikani, na kitambaa cha kufumwa kikawa alama ya heshima ikulu. Olubugo ilibaki hasa katika mazishi, matambiko na shughuli za kifalme. UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Kitabu kikubwa cha Trowell kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda kilitoka mwaka 1953. Alikiandika pamoja na Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyeongoza makumbusho baada yake na aliyeandika sehemu ya ala za muziki. Wachsmann pia alirekodi ngoma na nyimbo sehemu nyingi za nchi, na ndiye aliyekuwa kiongozi makumbusho yalipohamia Kitante mwaka 1954, katika jengo lililobuniwa na Ernst May. Mwaka 1960 Trowell alitoa kitabu kingine, kuhusu mapambo ya Kiafrika, akikipanga kwa malighafi: kuta, mikeka, nguo, shanga, ngozi, vyungu. Mpangilio huo bado unamfaa mtafiti kuliko ule wa kugawa kila kitu kwa kabila.

Kasoro zake hazifichiki. Aliamini mwanafunzi wa Kiafrika alindwe dhidi ya sanaa ya Ulaya, kana kwamba Kampala ya 1940 ilikuwa bado haijaona gazeti wala sinema. Tena kitabu cha 1953, kwa usahihi wake wote wa ufundi, hakikulibeba suala la nani mwenye haki na vitu vilivyokusanywa. Suala hilo lilikuwa mlangoni tayari: masalia ya Kibuka, mungu wa vita wa Waganda, yalikuwa Cambridge, yalikopelekwa na mmisionari John Roscoe.

Trowell alistaafu mwaka 1958, na shule ya Makerere sasa ina jina lake. Masalia ya Kibuka yalirudishwa Kampala uhuru ulipopatikana mwaka 1962. Mwaka 2024 Cambridge ilileta vitu vingine 39 katika makumbusho ya Kitante, kwa mkopo wa miaka mitatu ya kuanzia.