Kaboni ya Dhahabu: Kwa Nini Tunalipia Vipimo vya Maabara

Baadhi ya kamati za sharika, pamoja na mfadhili mmoja, wameuliza kwa nini mpango wetu kwa vikundi vya wachimbaji wadogo una fungu la maabara wakati fedha za visima hazitoshi. Ni swali la haki, na jibu lake limo ndani ya punje nyeusi ziitwazo kaboni.

Wenzetu wa Geita na Kahama wanaiona kazi hii kila siku. Mawe husagwa kwenye karasha, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na mchanga unaobaki, yaani marudio, huuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi. Zebaki haikamati dhahabu yote. Mara nyingi zaidi ya nusu hubaki kwenye marudio. Sayanaidi huiyeyusha hiyo iliyobaki, na kaboni huinasa kutoka kwenye maji.

Kaboni hii si mkaa wa jikoni. Aghalabu ni vifuu vya nazi vilivyochomwa, kisha vikapitishiwa mvuke kwenye joto kali sana mpaka vikajaa vitundu visivyohesabika. Kuta za vitundu vya gramu moja, kama zingeweza kutandazwa, zingefika mita za mraba 1,000 hivi. Gramu saba zingefunika uwanja wa mpira! Dhahabu hujishika kwenye kuta hizo. Taabu ni kwamba kaboni iliyoshiba na ile tupu hufanana kabisa kwa macho. Mwenye marudio akiambiwa kwamba safari hii kaboni yake haina kitu, hana la kujibu.

Hapo ndipo mwanga unapotusaidia. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen, huko Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba kila elementi ina mwanga wake inaoutoa na kuunyonya. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia aliigeuza elimu hiyo kuwa njia ya kupimia inayotumika hadi leo katika maabara za madini. Sampuli ya kaboni huchomwa ikawa majivu, majivu huyeyushwa kwa asidi, na maji hayo hupulizwa kwenye ndimi za moto. Taa ya dhahabu humulika moto huo kwa mwanga wa nanomita 242.8, ambao jicho haliuoni. Kadiri mwanga unavyopungua upande wa pili, ndivyo dhahabu ilivyo nyingi, na majibu huandikwa kwa gramu katika kila tani ya kaboni.

Zebaki nayo hupimwa kwa mwanga, wa nanomita 253.7, lakini sampuli yake haichomwi kuwa majivu, kwa kuwa zebaki ingetoroka hewani.

Kwa maoni yangu kipimo hiki cha pili ndicho kizito zaidi. Marudio yana mabaki ya zebaki. Sayanaidi huyayeyusha pia, na kaboni hunasa zebaki pamoja na dhahabu. Kaboni inapochomwa ili itumike tena, zebaki hupanda na moshi, na wa kwanza kuivuta ni kijana anayechochea tanuri. Nyingine hubaki kwenye maji ya matangi, na mvua ikizidi hufuata vijito. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zikomeshe kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki haijaondolewa kwanza. Minamata ni mji wa Japani ambako wavuvi na jamaa zao waliugua kwa kula samaki wenye zebaki. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956.

Kamati zinazosimamia vikundi zianze na sampuli, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kurekebisha sampuli mbaya. Kaboni ichanganywe vizuri, ichotwe juu, katikati na chini, kisha igawanywe mbele ya muuzaji na mnunuzi, kila upande ubaki na mfuko wake uliofungwa na kutiwa sahihi za wote wawili. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ina maabara yake Dodoma, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Gharama ya usafiri wa sampuli imo katika fungu hilo hilo lililoulizwa.