Kidole tumbo kikipasuka: matundu madogo au kisu?

Mtoto wa Kinakomba, kando ya Mto Tana, akishikwa na tumbo usiku, wengi hudhani ni minyoo au maembe mabichi. Hupewa dawa ya kuharisha, hukandwa tumbo, na siku inapita. Kumbe huenda ni kidole tumbo kilichovimba, na kila saa inayopita inakikaribia kupasuka.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kwenye mwanzo wa utumbo mpana. Kikiziba, huvimba na kujaa usaha. Kikipasuka, uchafu humwagika tumboni na maisha ya mtoto huwa hatarini.

Tiba ni upasuaji, nao ni wa namna mbili. Ule wa kawaida una historia ndefu: mwaka 1735, Claudius Amyand alimtoa mvulana wa miaka 11 kidole tumbo mjini London. Daktari hupasua upande wa kulia, chini ya kitovu. Njia ya matundu madogo ilianzishwa na Kurt Semm wa Ujerumani mwaka 1980. Tumbo hujazwa gesi, kisha kamera na vyombo vyembamba hupitishwa kwenye matundu, mara nyingi matatu.

Je, ipi bora kidole tumbo kikiwa kimekwisha kupasuka? Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba watoto waliopasuliwa kwa matundu hupata usaha kidogo kwenye kidonda, huumwa kidogo na hurudi nyumbani mapema. Zamani ilihofiwa kuwa njia hiyo huacha majipu ndani ya tumbo. Kwa watoto, hofu hiyo haijathibitishwa.

Lakini njia hii hutaka mitambo ya bei ghali, umeme wa kutegemewa na daktari aliyeizoea. Mahali pasipo na hayo, upasuaji wa kawaida huokoa maisha vilevile. Kwa njia zote mbili, mtoto huhitaji maji ya mshipani na dawa za kuua bakteria kabla ya kisu na baada yake.

Ndiposa mzazi asimsafirishe mtoto mgonjwa mbali akitafuta kamera, ilhali daktari wa upasuaji yuko karibu. Mto Tana ukifurika, kama mwaka 1997 na 2023, barabara hukatika, na safari ya saa chache huweza kuwa ya siku nzima.

Dalili ni hizi: maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia, kukataa chakula, kutapika na homa. Maumivu yakitulia ghafla, kisha tumbo lote likauma na kukaza, huenda kimepasuka. Walio chini ya miaka mitano hawawezi kujieleza, na wengi wao hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Usimpe dawa ya kuharisha wala kumpiga bomba. Usimlishe. Mpeleke hospitali usiku uo huo.