Mbio ya shofa na maisha ya mtoto

Hapa Bukavu watoto wetu wengi wanaenda masomo kwa miguu. Saa za asubuhi, pale Nyawera au kutoka Essence kwenda Panzi, watoto, wamama wenye mizigo, motari na malori wote wanagombania njia moja. Kila siku tunawaambia watoto: "Angalia huku na huku, kisha uvuke." Ni vizuri. Lakini kuna jambo moja mtoto hana uwezo juu yake: mbio ya shofa.

Tufanye hesabu pamoja. Shofa akiona mtoto mbele yake, inapita karibu sekunde moja mbele ya mguu kufika kwenye freni. Gari haingoji. Katika sekunde hiyo, gari ya kilometa 30 kwa saa inakwenda metre 8. Ya kilometa 60 inakwenda karibu metre 17. Tena, mbio ikiongezwa mara mbili, nafasi ambayo freni inahitaji inakuwa mara nne.

Basi mtoto anakimbilia mpira wake, metre 15 mbele ya gari. Kama barabara ni kavu na freni ni nzima, shofa wa 30 anasimama bila kumgusa. Shofa wa 60 anamgonga hata freni hajaikanyaga. Wote wawili walimuona mtoto wakati uleule. Na kwenye mvua, au kwenye miteremko yetu, kusimama ni vigumu zaidi.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema mbio ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Linasema pia kwamba ajali za barabara ndizo zinaua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani.

Na faida ya mbio ni nini? Kilometa 5 kwa 60 ni dakika 5. Kwa 30 ni dakika 10. Na mjini hakuna anayeshika 60 njia yote, kwa hiyo anachopata hakifiki hata dakika hizo tano.

Tufanye nini?

Mbele ya kupanda moto, tumwambie motari: "Baba, polepole, nina watoto nyumbani." Akikaza mbio, tushuke. Sisi ndio tunalipa.

Motari anayepeleka watoto masomo, tupatane naye juu ya mbio kama tunavyopatana juu ya bei. Na tuwaulize watoto namna anavyowaendesha. Wao wanaona yote.

Karibu na masomo, tuende kama kikundi kwa chefu wa avenue, tuombe dodane. Mama mmoja anaweza kurudishwa. Wamama ishirini wanasikilizwa.