Mchezo Ndani ya Mchezo: Mfano wa Filamu ya Jésus de Montréal

Wanafunzi wengi wakiulizwa kuhusu mbinu ya mchezo ndani ya mchezo husimulia ule mchezo mdogo kisha wakaweka kalamu chini. Mtahini anataka kujua mchezo mdogo unaufanyia nini ule mkubwa. Tutumie mfano wa filamu ya Jésus de Montréal ya mwaka wa 1989, iliyoongozwa na Denys Arcand wa Kanada.

Padre Leclerc anamwajiri mwigizaji kijana, Daniel Coulombe, aufufue mchezo wa mateso ya Yesu unaoigizwa kilimani wanakohiji waumini. Mchezo wa zamani umechakaa. Daniel anawakusanya waigizaji kutoka vibarua vyao: Martin anatia sauti filamu chafu, Mireille anatumiwa katika matangazo ya manukato, Constance anawagawia maskini chakula. Watazamaji wanaupenda mchezo mpya. Wakuu wa kanisa wanaukataa, maana Yesu wa Daniel hafanani na yule wa mafundisho yao.

Sasa angalia mchezo unavyovuka jukwaa. Mireille anapoamriwa avue nguo kwenye usaili wa tangazo la bia, Daniel anavunja vifaa vya watengenezaji. Mwanafunzi makini ataona meza zikipinduliwa hekaluni. Baadaye wakili anampandisha Daniel kwenye jengo refu, anamwonyesha jiji lote na kumwahidi umaarufu. Mjaribu wa jangwani amevaa suti! Polisi nao wanamkamata Daniel katikati ya onyesho, angali msalabani. Hata hivyo, usiandike kwamba Daniel ni Yesu. Andika kwamba maisha yake yanaakisi ya Yesu, kisha uthibitishe kwa tukio.

Padre Leclerc ndiye anayewaponza wengi. Kwa kuwa ana uhusiano wa siri na Constance, watahiniwa huandika "mnafiki" na kusonga mbele. Jibu hilo ni sahihi, ila ni jembamba. Leclerc anaogopa kulipoteza kanisa kwa sababu hana makao mengine, na anawatetea kwa dhati wanyonge wanaopanda kilima kutafuta faraja. Sifa mbili zinazokinzana, kila moja na ushahidi wake, zitakupa alama zaidi ya tusi moja.

Katika onyesho la mwisho vurugu zinazuka, msalaba unamwangukia Daniel na kumuumiza kichwa. Hospitali ya kwanza imefurika wagonjwa, wanaondoka. Anazirai katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi, na hatimaye anafia katika hospitali ya Wayahudi. Moyo wake na macho yake wanapewa wagonjwa wengine. Hiyo ni taswira ya ufufuo isiyohitaji muujiza. Kisha yule yule wakili anawashawishi wenzake waunde kampuni ya maigizo kwa jina la marehemu. Hiki ni kinaya kikali kuliko vyote. Mireille anaondoka kikaoni.

Swali: "Wakili ndiye mshindi katika filamu hii." Jadili. (alama 20)