Mkono wa Kuume Usisimame: Habari ya Kupiga Gitaa Nyumbani

Katika nyumba za Nyakato, hapa mjini Musoma, gitaa si kitu cha ajabu tena. Lakini magitaa mengi hukaa kimya. Kijana alinunua lake kwa fedha za samaki au za pamba, akajifunza majuma mawili, vidole vikamuuma, kisha akaliacha. Ukimwuliza sababu, atakuonyesha vidole vya mkono wa kushoto. Sisi twadhani kwamba mara nyingi kilichomshinda ni mkono wa kuume.

Mambo huwa hivi. Jioni, baada ya chakula, watu wa nyumbani wataka kuimba. Kijana aleta gitaa lake, na wote waanza vema. Wakifika mahali ambapo sauti yabadilika, kijana asimamisha mkono, atazama vidole vyake, avipanga kimoja kimoja, ndipo apige tena. Waimbaji wamekwisha kupita mbele, au wamenyamaza wakimngoja. Ubeti wa pili huwa vile vile. Katika ubeti wa tatu bibi husema, "Mjukuu wangu, weka kwanza chombo chako, tuimbe kwa makofi." Wala bibi hakukosea, maana makofi hayasimami.

Jambo hili si geni katika mkoa wa Mara. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, na mpigaji wake huketi karibu na ardhi, naye huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu. Vidole vya mikono vidonoapo nyuzi, pete ile hugonga mti wa nyatiti, na njuga za mguuni hulia pamoja nayo. Litungu ya Wakuria nayo ina nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti akikosa uzi mmoja, wachezaji hawajui. Mguu wake ukisimama, kila mtu ajua. Anayejifunza gitaa hana pete ya mguuni, kwa hiyo mkono wake wa kuume hauna budi kufanya kazi ya mguu ule.

Twajua kwamba vijana wengi hawapendi kuanza hivi. Masikio yetu yamezoea gitaa la kudonoa. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alitumika katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita vya 1939 hata 1945, na baadaye gitaa lake likajulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, katika Kongo, akanasa nyimbo zake. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na mtu asiyemwona angeweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Ni kazi nzuri mno. Bali kwa mtu atakaye kuwasindikiza waimbaji wa nyumbani, kuanzia hapo ni kuanza kujenga nyumba kwa paa. Kwanza ajifunze kupitisha mkono juu ya nyuzi zote.

Nyuzi za gitaa ni sita, na kuanzia ule mnene hupewa herufi E, A, D, G, B, E. Sauti kadhaa ziliazo pamoja wapigaji huziita kodi (si ile ilipwayo serikalini). Chagua kodi moja tu, nayo iwe ya E ndogo, kwa kuwa yataka vidole viwili peke yake: kimoja juu ya uzi wa A, kimoja juu ya uzi wa D, vyote viwili nyuma tu ya chuma cha pili cha shingoni. Mkono wa kushoto ukae hapo siku tatu au nne bila kuhama.

Sasa mkono wa kuume. Kiwiko kitulie, na kifundo cha mkono kilegee kama cha mtu akung'utaye maji vidoleni. Tazama mshale wa saa uhesabuo sekunde, ukapige nyuzi kwa kushuka mara moja katika kila sekunde: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Hayo ni mapigo 60 kwa dakika. Huenda ukaona ni polepole mno, na ndiyo sababu yake, maana upole huonyesha kila kosa. Likiisha kukaa, ongeza kupanda katikati, ukisema "moja na mbili na tatu na nne na." Kila namba mkono washuka, kila "na" wapanda. Katika kupanda usitafute nyuzi zote sita. Nyembamba mbili au tatu zatosha.

Pigo la tatu ndilo lipendwalo katika nyimbo nyingi za siku hizi, na hapa wengi hupotea. Husikika hivi: shuka, shuka-panda, panda-shuka-panda. Anayelisikia hudhani kwamba mkono hupumzika katikati. Haupumziki! Katika hesabu ya tatu mkono washuka kama desturi, ila wapita hewani pasipo kugusa nyuzi, kisha wapanda na kuzigusa. Kwa hiyo nyuzi hulia katika moja, katika mbili na "na" yake, katika "na" ya tatu, tena katika nne na "na" yake. Mtu akiisha kufahamu kwamba mkono hushuka na kupanda daima, na kwamba kazi yake ni kuchagua wapi uguse na wapi usiguse, atayaweza mapigo mengine kumi bila mwalimu.

Ndipo aanze kubadili kodi: G, C na D, ambazo kwa hizo aweza kusindikiza nyimbo nyingi sana. Wapigaji hodari wana hila moja ambayo kwa nadra huisema. Katika "na" ya mwisho, kabla ya kodi mpya, mkono wa kushoto huinuka mapema na kuanza safari, na mkono wa kuume hupiga nyuzi zikiwa wazi, hazikushikwa. Sauti hiyo ni fupi, tena hakuna asikiaye kosa. Hata kama kidole kimoja kimechelewa, piga tu. Kodi yenye upungufu kwa wakati wake ni bora kuliko kodi kamili iliyochelewa.

Nyimbo zihesabiwazo tatu tatu zina njia yao: piga kwanza uzi mnene mmoja, kisha nyuzi nyembamba mara mbili. Na ngoma nyingi za kwetu hazifuati nne wala tatu, bali sita, zenye uzito katika ya kwanza na ya nne. Basi, wimbo wa wazee ukikataa kupatana na pigo lako, uhesabu kwa sita kabla ya kusema kwamba gitaa limeharibika.