Kabla Msasa Haujagusa Bodi

Mama huyo aliegesha gari juani makusudi, nje ya kivuli cha mwembe ambako wateja wote hukimbilia, akazima injini na kuniita. "Fundi, njoo usimame hapa nilipo." Nikasimama. Ilikuwa Toyota ya rangi ya fedha, mlango wa nyuma wa kushoto umepigwa rangi upya. Ukiutazama kutoka mbele, ulilingana na wenzake. Niliposogea hatua tatu ubavuni, mlango ukageuka mweusi kidogo, kama shati lililolowa jasho upande mmoja. Kazi ile haikuwa yangu. Alikuwa ameilipia kwenye gereji nyingine, akarudisha gari, kazi ikarudiwa, na sasa hakuwa na imani na fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Hakuna gari la hatari zaidi kuingia gereji kuliko lile ambalo mwenyewe ameshaumizwa na fundi aliyetangulia. Ukishaligusa, kila kasoro iliyomo inahesabiwa yako, isipokuwa ile uliyoionyesha kabla ya kuanza. Ndiyo maana suala la nani awajibike huamuliwa mapema, gari likiwa bado na vumbi la barabarani, na si siku ya ugomvi.

Tuanze na unene. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na klia ya juu, kwa magari mengi huwa kati ya maikroni 90 na 150. Maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban maikroni 100. Kwa hiyo gari zima limevaa karatasi moja tu. Ndani ya hiyo, klia huwa kama maikroni 40 hadi 50, na klia ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Kila unapopiga msasa wa maji na kumalizia kwa mashine ya polishi, unakula maikroni kadhaa, na zikishaliwa hazirudi. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango klia huwa nyembamba zaidi, na ni hapo hapo mashine hupenda kuegemea.

Nililijua hilo kwa mdomo miaka mingi kabla sijalijua kwa mfuko. Nililetewa gari jeusi lenye mikwaruzo ya duara, ile inayoachwa na matambara ya kuoshea. Mwenyewe alikuwa amekasirika na waoshaji, nami nikataka kumpoza haraka. Nikaichukua mashine bila kupima. Dakika chache baadaye ukingo wa boneti ulififia, ukawa kijivu. Klia ilikuwa imekwisha, kwa sababu kabla yangu wengine walishaipiga polishi mara nyingi. Nilijitetea kwamba ilikuwa nyembamba tangu awali. Huenda ni kweli, ila sikuwa na namba wala picha ya kuthibitisha. Nililipa boneti nzima na fenda mbili ambazo ilibidi zifuatane nayo. Tangu siku ile kipimo cha unene wa rangi hakikai kabatini. Unakigusisha kwenye bati, kinasoma. Kikisoma 110, hiyo yaelekea ni ya kiwandani. Kikisoma zaidi ya 200, hapo pameshapigwa rangi tena. Kikipanda mamia mengi, chini kuna puti.

Magari yetu mengi hayakuanza maisha yao hapa. Lililonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa gari na alama: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa na kurekebishwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wake. Mteja akiwa nayo, iombe. Wapo wanaoapa kwamba gari halijawahi kuguswa, nao wanasema kweli kadiri wajuavyo, kumbe mlango una W2 tangu Yokohama.

Sasa sheria. Gari likiachwa mikononi mwako kwa kazi, umekabidhiwa mali ya mtu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Mali ikiharibika ikiwa kwako, wewe ndiye utakayetarajiwa kueleza ilivyoharibika. Picha ulizopiga asubuhi ile, kila upande wa gari, zenye tarehe, ndizo zitakazokusemea. Kuhusu fidia, kifungu cha 73 kinazungumzia hasara inayotokea kwa kawaida mkataba unapovunjwa, pamoja na ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu mwanzo. Hapa mafundi wengi hunaswa bila kujua. Mteja akikuambia, hata kwa mazungumzo ya kawaida, kwamba Jumamosi gari lina kazi ya kubeba maharusi, umeshajua. Ukichelewa, hesabu inaweza kwenda mbali kuliko bei ya rangi.

Na lile bango la ukutani, "Gari linaachwa kwa hasara ya mwenyewe"? Silitegemei hata kidogo. Mwaka 1951 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Curtis dhidi ya kampuni ya dobi, Chemical Cleaning and Dyeing Company. Mteja alipeleka gauni la harusi la satini nyeupe, akapewa karatasi atie saini. Alipouliza ni ya nini, mhudumu akamwambia kampuni haitawajibika kwa shanga na mapambo yanayometa. Kumbe karatasi iliiondolea kampuni lawama za kila aina. Gauni likarudi na doa, na mahakama ikakataa kampuni ijifiche nyuma ya karatasi, kwa kuwa maelezo yaliyotolewa kwa mdomo yalimpotosha mteja. Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wetu, ila hurejelewa, na kwangu funzo liko kwenye lile swali lake la kaunta. Unachomjibu mteja anapouliza "hii ni ya nini?" kina uzito kuliko maandishi madogo yote yaliyo chini.

Basi karatasi yangu haijikingi na kila kitu. Inaandika kilichopo: namba ya rangi kama ilivyo kwenye kibati cha gari, unene uliopimwa kwa kila kipande, mikwaruzo iliyokuwepo, kazi iliyokubaliwa, na kile ambacho huenda kisipatikane. Neno "itakuwa kama mpya" nimelipiga marufuku gerejini. Rangi za fedha zina chembechembe za alumini, na jinsi zinavyolala hutegemea presha ya kompresa, umbali wa mkono na wepesi wa thina kukauka. Mafundi wawili wenye kopo moja watatoa rangi mbili. Bampa ya plastiki huweza kutofautiana na fenda hata gari likitoka kiwandani. Ninapuliza kwanza kwenye kadi ya sampuli, tunatoka nayo juani, mteja anaiweka ubavuni mwa gari na kuipindisha apendavyo. Akiridhika, anasaini nyuma ya kadi hiyo hiyo.

Malalamiko yakija, usishike tambara. Fundi aliyetiwa hofu hukimbilia polishi, na hapo anafuta ushahidi na kula klia kwa pamoja. Tazameni wote wawili, mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka. Kisha tenganisha: hiki ni changu, hiki kilikuwepo, hiki tuliandika kwamba huenda kikabaki. Rangi iliyochuruzika, vumbi lililozama kwenye klia, vijishimo vilivyotokana na mafuta au maji ya kompresa, hivyo ni vyako, viseme kabla mteja hajavitaja na umpe siku ya kuvirekebisha. Kama hataki tena mkono wako, ana sababu zake; ombeni makadirio ya gereji mbili na muandikiane kiasi mtakachokubaliana na kwamba shauri limekwisha.

Sheria inampa fundi haki ya kushikilia gari hadi alipwe ujira wa kazi aliyoifanya, kama hamkukubaliana vinginevyo. Kwa mteja anayelalamikia kazi yenyewe, mimi siitumii. Kila usiku gari linapolala kwako ni usiku mwingine wa mvua, wezi na watoto wenye misumari, na dhamana ni yako.

Mlango wa yule mama ulisoma 340. Mlango wa mbele ulisoma 112, ubavu wa nyuma 118, vyote vya kiwandani. Nikamweleza kwamba kuiondoa ile tofauti ni kuivuta rangi mpya ifie taratibu ndani ya vipande jirani, kisha kuvifunika vyote kwa klia, yaani kugusa vipande vizima ambavyo havijawahi kuguswa. Alifikiri kwa muda mrefu. Ubavu wa nyuma akaruhusu, mlango wa mbele akakataa. Tukaandika kwamba kwenye mshono wa milango miwili tofauti ndogo inaweza kuonekana, akasaini.

Wiki tatu baadaye alirudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, akasimama pale pale. Tofauti ilikuwepo, nyembamba, mahali tulipoandika. Nilitoa karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaikunja. "Fundi, hebu niambie huo mlango wa mbele ni shilingi ngapi." Tukaingia ndani kuandika karatasi ya pili.